Chupa Mbili Chini ya Benchi

Jumamosi, 8 Machi

Mgongo. Nimeamka nao, nitalala nao. Leo nimeingia chini ya magari matatu, na kila nikitoka nashika bampa kwanza ndipo nisimame. Miaka sitini na moja si mchezo.

Mikate imetoka raundi nne. Yadi ya magari ya bekari yetu iko nyuma tu ya dirisha la tanuri, lakini mkate wa siku hizi hata haunukii! Zamani ulikuwa ukiingia getini tu tumbo linakuita. Nimemwambia mwokaji mkuu kwamba wamebadilisha hamira. Akasema hawajabadilisha kitu, nirudi kwenye grisi yangu. Sawa. Nimerudi.

Mchana Kobe ameleta lile gari jeupe la mkate, kuukuu kuliko yote tuliyo nayo. Mke wangu ndiye dada yake, lakini hata yeye siku hizi anamwita Kobe. Jina limemkaa, kwa jinsi anavyoendesha. Anasema gari linanuka kuungua akiteremka mlima wa hospitali, tena linakuwa zito, kama kuna mtu analivuta kwa nyuma.

Nimepiga magoti nikanusa gurudumu la mbele kushoto. Kisha la kulia. Hamna kitu. Nikamwambia ni tanuri limemwingia puani, anaota mkate ulioungua. Wapakiaji wamecheka sana. Kobe naye kacheka — shemeji yangu huyu ananiamini kuliko anavyomwamini daktari. "Pua akisema hamna, hamna," akaondoka zake.

Pua ni mimi. Mwaka wa ishirini na tano sasa. Mafuta ya injini, ya gia, ya breki, ya usukani — nafungua kizibo, navuta pumzi mara moja, najua. Chupa zangu ziko chini ya benchi, chupa za maji ya kunywa tu, hazina hata herufi moja. Kuandika ni kwa wasiojua.

Nyumbani mchuzi hauna ladha. Nimesema hivyo. Mama watoto ameniangalia tu, akanisogezea chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala mpaka saa nne. Yale mafua ya Januari yaliondoka na nguvu zangu, hayajazirudisha. Binti amepiga simu, hajambo, wajukuu hawajambo. Sikutoka nje.

Jumatatu, 10 Machi

Nitaandika kwa mpangilio, jinsi ilivyotokea.

Saa tatu asubuhi nilikuwa bombani nanawa mikono. Barabara ya bekari inateremka moja kwa moja mpaka getini. Nikasikia honi — ndefu, haikatiki. Nikajua kuna jambo, kwa sababu Kobe hapigi honi. Miaka yote hii sikumbuki kuisikia honi ya gari lile. Nilidhani hata haifanyi kazi.

Kisha kishindo.

Geti lote limelala chini. Nusu yake ilimwangukia Mzee wa Geti, mlinzi wetu. Mguu wake — sitaki kuandika. Alikuwa anauliza kofia yake iko wapi. Damu inatoka, yeye anauliza kofia! Nimeitafuta, nikamvika, nikamshika mkono mpaka gari la wagonjwa likaja.

Kobe alikuwa bado kwenye kiti. Mguu wake umekandamiza pedali, hauondoki. Nilimtoa mimi, nikaushika ule mguu kwa mikono miwili kama mtu anayevua kiatu cha mtoto. Alikuwa anarudia maneno yale yale. Shemeji, haikushika. Nimekanyaga imekwenda mpaka chini, laini, kama nakanyaga mto. Nimekanyaga tena na tena, hamna. Akavuta breki ya mkono, gari likapungua kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo imemwacha Mzee wa Geti hai.

Meneja ametoka ofisini na miwani mkononi. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza swali moja tu: gari, au dereva? Anataka karatasi yangu ya ukaguzi kesho, yenye sahihi. Mkaguzi wa magari kutoka nje ya bekari atakuja Jumatatu ijayo.

Kabla ya saa sita watu wa zamu ya unga walikuwa wameshahukumu. Kobe alisinzia. Kobe alikuwa kwenye simu. Mmoja kasema Kobe alikuwa anakimbiza gari! Kobe! Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Jumanne, 11 Machi

Nimelikagua gari asubuhi na mapema, peke yangu.

Mafuta ya breki kwenye kikopo chake yamefika mstari wa juu. Nimeyaona kwa nje, plastiki inaonyesha. Kwa hiyo hayavuji. Magurudumu yote manne makavu. Paipu hazijapasuka, mipira yake haijachanika. Nimekaa kwenye kiti, nimekanyaga: pedali iko juu, ngumu kama jiwe. Nimewasha injini, nimeendesha yadini mara tano. Kila nikikanyaga linasimama papo hapo, mara moja nusura nipige kioo kwa paji la uso.

Gari linalosimama hivi, jana lilimkataaje Kobe?

Nimeandika: "Breki zimejaribiwa. Zinafanya kazi. Hakuna hitilafu iliyoonekana." Sahihi. Kila neno kweli.

Meneja amesoma mara mbili. Akasema haya basi, kama si gari, ni dereva. Kobe amesimamishwa pale pale. Mkaguzi akikubaliana na karatasi yangu, kazi imekwisha, na jambo linakwenda polisi, maana kuna mtu kaumia. Sikudhani karatasi ingetembea haraka hivyo. Niliiweka mezani saa tano, saa tano na nusu Kobe alikuwa anarudisha funguo.

Hakunilaumu. Hilo ndilo linaloniuma. Amesema labda kweli alikanyaga vibaya, labda mguu uliteleza, wewe shemeji hukosei. Wala hakumwambia Meneja habari ya Jumamosi, ile harufu. Nami sikuisema.

Mama watoto ameweka chakula mezani akaenda kukaa kwa jirani.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kumwona Mzee wa Geti baada ya kazi. Wamemfunga plasta mguu mzima, umeinuliwa kwa kamba. Nilimchukulia mkate wa leo, nimeufunga kwenye gazeti, gazeti kwenye mfuko. Bado niko mlangoni akasema, umeniletea wa moto, nimesikia harufu yake tangu uko kwenye korido. Wodi nzima wakageuka. Nikajua anatania.

Nimemuuliza aliona nini. Ameniambia Kobe alitoa mkono dirishani, anampungia atoke. Toka! Toka! "Sasa mtu aliyesinzia anapunga mkono, fundi?" Tena kuna jambo jingine. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Mweupe. Na harufu ya kuungua, mbaya, mpaka koo likamwasha hata kabla gari halijafika.

Akasema: "Wewe si ulikuwa pale bombani? Hukuisikia?"

Nimemwambia upepo ulikuwa upande mwingine.

Njiani nilikuwa nafikiria moshi tu. Moshi kwenye magurudumu maana yake breki zilikuwa zinabana njia nzima. Sisi wote tunatafuta breki zilizokataa kushika. Kumbe labda zilikataa kuachia! Nimepita kituo changu, imebidi nirudi kwa miguu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa kwa Meneja ya kulijaribu tena lile gari. Ameniuliza kwani nina wasiwasi na karatasi yangu. Nimesema hapana, nataka kuwa na hakika. Amesema fanya, ila usibadilishe kitu.

Nimepiga jeki mbele. Gurudumu likiwa la baridi linazunguka kwa kidole. Nimekanyaga pedali mara kumi, mara ishirini, nimeshuka, nimelizungusha. Zito. Nimekanyaga tena, nimeshuka tena. Halizunguki kabisa! Wala hakuna mguu wa mtu kwenye pedali. Nimelegeza ile nati ndogo ya kutolea upepo pale kwenye gurudumu, mafuta yakaruka juu kama yamefungiwa jela, na gurudumu likaachia hapo hapo.

Kwa hiyo tatizo liko juu. Kwenye masta, ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki.

Nimekwenda kufungua kikopo cha mafuta ya breki. Chini ya kifuniko huwa kuna kipande cha mpira. Kimetoka kimevimba, kimejikunja kama sikio. Nimejaribu kukirudisha, hakiingii mahali pake. Jumanne sikufungua kifuniko. Niliangalia kwa nje tu, nikaona yamejaa, nikaridhika.

Mpira wa breki hauvimbi hivi hivi. Unavimba ukinywa mafuta yasiyo yake. Hilo hata anayeanza gereji anafundishwa wiki ya kwanza.

Nimechovya kidole. Nimenusa.

Hamna.

Nimefuta kidole, nimechovya tena, nimevuta pumzi mpaka kichwa kikazunguka. Si ya breki, si ya usukani, si ya kitu chochote. Kama nanusa hewa. Nimesimama pale na kidole changu puani, mzee mzima, mbele ya gari bovu. Sijui muda gani.

Mwishowe nimechukua glasi kwenye meza ya chai, nimetia maji, nimedondosha matone machache. Mafuta ya breki yakiingia kwenye maji yanachanganyika, huyaoni tena. Haya nusu yamepotea, nusu yamepanda juu yakaelea, macho macho. Hiyo nusu ni mafuta ya usukani. Ndani ya breki!

Sasa yote yamejipanga. Mafuta yale yamevimbisha mipira ya ndani ya masta. Mpira uliovimba umeziba kile kitundu ambacho mafuta hupita kurudi. Kobe akikanyaga, breki inabana, akiachia, haiachii. Anatembea nayo hivyo, mwendo wake wa pole, mlima wa hospitali wote, chuma kinapata moto. Mafuta yakachemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Kama mto. Alisema mwenyewe! Baadaye gari likapoa usiku kucha, pedali ikarudi juu, na Jumanne asubuhi akaja fundi na kalamu yake.

Nani alitia mafuta yale? Nimefungua daftari la gereji. Tarehe 24 Februari: "Gari la mkate. Mafuta ya breki yameongezwa." Mwandiko wangu. Zamani mafuta ya usukani yalikuwa mekundu, huwezi kukosea. Haya ya siku hizi wanayotuletea yana rangi ya chai hafifu, sawasawa na ya breki. Nilifungua chupa, nikanusa, nikaridhika. Nilinusa nini siku ile?

Mkono ulipitisha tu, kwa mazoea.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimerudi nyumbani saa nane mchana, nimesema naumwa. Si uongo sana.

Mama watoto alikuwa hayupo. Nimepanga vitu kwenye meza ya jikoni: kitunguu nilichokikata, sabuni ya kufulia, siki, chupa ya mafuta ya taa. Nimefumba macho nikawa nanusa kimoja kimoja. Siki imenichoma ndani ya pua, lakini ni kuchoma tu, hakuna harufu. Vingine hata hicho hamna.

Ameingia akanikuta nimefumba macho, mafuta ya taa chini ya kidevu. Akauliza ninafanya nini na mafuta ya taa kwenye meza yake ya chakula. Kisha akaona kitunguu. Akavuta kiti.

Alijua! Alijua tangu mwisho wa Januari. Amesema sufuria iliungua ikawa nyeusi, mimi nimekaa mlango wa jikoni nasoma gazeti, moshi unanipita, sikugeuka. Tena nilimuuliza chakula kiko tayari. Nimemuuliza mbona hakusema. "Ningesema, ungesema nakuita mzee. Nikaona nitie chumvi zaidi."

Basi nikamwambia yote. Chupa. Mpira uliovimba. Ile Jumamosi Kobe alipokuja na harufu yake, nikawachekesha watu. Karatasi yenye sahihi yangu.

Nilikuwa nasubiri apige kelele, nilitaka apige. Amesema yule ni mdogo wake wa mwisho, amembeba mgongoni mama yao alipokuwa kazini, mpaka watu wakadhani ni wake. "Na wewe ni mume wangu. Usinifanye nichague, baba watoto. Nakuomba. Usinifanye nichague."

Machozi yamemtoka. Na mimi pia. Angalau machoni kitunguu bado kinafanya kazi.

Ameuliza Jumatatu nitasema nini. Nimesema sijui. Amekichukua kile kitunguu akaanza kukikatakata, tumekula saa kumi na mbili, sikusema lolote kuhusu ladha.

Bila pua mimi ni nani pale? Swali hili linanirudia kila nikikaa. Kuna mafundi wenye macho mazuri kuliko mimi, wenye migongo mizima. Mimi nina jina tu.

Jumamosi, 15 Machi

Lazima niandike hili pia, nisije nikajidanganya baadaye.

Jumamosi mchana yadi inakuwa tupu. Mipira mipya ya masta iko stoo, iko tangu mwaka juzi. Naweza kutoa mafuta yote, kuosha paipu, kufunga mipira mipya, kutia mafuta safi. Kazi ya saa nne. Mkaguzi akija Jumatatu anakuta gari safi kabisa, na karatasi yangu ya Jumanne inakuwa kweli. Nilijiambia nalitengeneza ili lisiue mtu mwingine. Lakini gari limefungiwa, halitoki! Nani angeuawa?

Nilishaingia chini. Nilishalegeza bolti ya kwanza.

Nikaona viatu. Kobe. Amekuja kuchukua sweta yake kwenye gari. Ameinama, akaniona, uso wake ukabadilika — amedhani ninahangaika kumwokoa. Akalala chini pale pale kwenye saruji, na shati lake safi, akanishikia tochi.

Amesema, "Shemeji, pumzika. Usijiue kwa ajili yangu."

Tumelala pale ubavu kwa ubavu chini ya gari lililomvunja mtu mguu. Ameniambia ameomba kazi ya kubeba unga, kama watamkubali. Kuendesha hataki tena. Amesema akilala mguu wake wa kulia unakanyaga, unamwamsha mke wake, wanakaa kitandani wanauangalia. Alikuwa anacheka akisema hivyo.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno, yalikuwa hapa hapa. Nikamwomba spana namba kumi na tatu.

Akanipa. Nimeikaza ile bolti ikarudi ilivyokuwa. Nimemwambia basi, tumemaliza, twende. Mafuta nimeyaacha humo humo, sijabadilisha kitu. Lakini sikusema. Nimetembea naye mpaka kituoni na sikusema. Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 16 Machi

Zile chupa mbili za chini ya benchi, ya breki na ya usukani, nilikuja nazo nyumbani jana kwenye mfuko. Leo tumekata plasta za kubandika juu yake, mama watoto ameshika mkasi. Kwanza imebidi nidondoshe kila moja kwenye glasi ya maji. Hii imechanganyika: BREKI. Hii imeelea: USUKANI. Nimeandika kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Mkono ulikuwa mzito.

Nimeandika pia karatasi mpya. Mistari mitano. Narekebisha taarifa yangu ya tarehe 11. Gari lina hitilafu, imetokana na mafuta yasiyofaa, yametiwa na mimi tarehe 24 Februari. Sijaweka sahihi. Ameisoma, ameirudisha kwenye bahasha, akanipigia pasi shati jeupe bila mimi kuomba.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje ya ofisi ya Meneja. Daftari liko kwenye goti, mfuko wa chupa miguuni, bahasha mfukoni. Saa nne kasoro.

Mkaguzi amefika mapema. Mtu mwembamba, hana maneno. Amefungua kikopo cha breki hata kabla ya kuvua koti. Ameutoa ule mpira uliovimba, akauangalia juani, akauweka kwenye kitambaa cheupe. Hakuuliza mtu chochote. Dakika kumi! Mimi siku tatu. Nimefurahi, nikasema moyoni afadhali, sasa wameona wenyewe, Kobe amenusurika. Nimefurahi kweli kweli kama mjinga.

Wamemwita Kobe ndani kwanza.

Bado yuko ndani.

Amelipitisha toroli mbele yangu yule mama wa kupanga mikate, mikate ya maziwa, ya moto. Mvuke nauona kwa macho yangu. Nimevuta pumzi. Mazoea tu.

Kobe ametoka. Amekuja kunywa maji, amekaa karibu yangu, amechoka lakini uso umetulia. Nimemuuliza vipi. Anasema mkaguzi amesema kuna mtu alitia mafuta ya usukani kwenye breki. Meneja akauliza nani anagusa gari lile. Ni watu wawili tu, fundi na dereva. "Nikawaambia Pua hawezi kukosea. Ananusa, anajua. Basi labda ni mimi. Labda niliongeza siku moja haraka haraka nikasahau. Wananiandikia karatasi, nitaweka sahihi, yaishe."

Nimemwambia hukuongeza. Amesema shemeji, nani anakumbuka? Mimi hata mguu wangu siuamini. Nimemwambia tena, hukuongeza. Amenipiga begani. Anasema kuna kitu kimoja tu wanataka kwangu: wametoa mafuta kidogo kwenye lile gari, wameyaweka kwenye kikombe mezani, wananingoja ninuse nithibitishe. Mkaguzi hakuamini kwamba kuna mtu wa hivyo. Kobe amembishia. Amemwambia atamwona leo kwa macho yake.

Wamesema dakika tano, karani anachapa. Nimetoa bahasha. Kalamu ninayo, ndiyo hii. Nimeweka sahihi chini ya mistari mitano — imekaa vibaya, nimeandikia gotini, lakini inasomeka.

Mlango umefunguliwa. Meneja ameita jina langu halisi, si Pua. Kobe amesimama, amenibebea mfuko kwa sababu ya mgongo wangu. Amechungulia ndani ya mfuko. Amezitoa zile chupa mbili, anazigeuzageuza, anasoma plasta.

Ananiuliza tangu lini chupa zangu zina majina.